Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka? Soma hapa kabla hujakubali kupigiwa window

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni.

Natengeneza kompyuta hapa Dar, na kazi zinazoniuma kuliko zote ni zile zinazonifikia zimeshachelewa. Mtu ana CPU, yaani boksi la kompyuta, yenye hesabu za duka za miaka kadhaa, au tasnifu iliyobakiza sura ya mwisho. Asubuhi anabonyeza, haifiki popote. Anaipakia kwenye bajaji hadi kwa fundi wa jirani, anaambiwa "hii tuipige window tu", yaani Windows iwekwe upya na vya zamani vifutwe, anakubali kwa sababu kazi zimesimama. Window inapigwa, mashine inakaa siku mbili tatu, inagoma tena, maana tatizo lilikuwa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au umeme. Mafaili ndiyo yameshakwenda na maji.

Kwa hiyo naomba hili likae kichwani kabla ya yote: mafaili yako yako kwenye diski. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi) ikiungua, RAM ikishika kutu, hata mazabodi (ubao mkuu) ikifa moja kwa moja, mara nyingi diski inabaki nzima na kila kitu kipo. Asiiguse mtu hiyo diski hadi ijulikane kilichoharibika ni nini. Na kukijua si uchawi. Unaufuata umeme kuanzia ukutani, kituo kwa kituo, hadi unapokwama.

Mteja akiniambia haiwaki, namuuliza: ukibonyeza, nini kinatokea?

Kama hakuna kabisa, si taa, si feni, si mlio, bado tuko ukutani. LUKU ina yuniti? Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ileile, na uichomeke kwenye ekstensheni ileile pia, maana ekstensheni nyingi za madukani zinaungua ndani huku nje zinang'aa. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake. Ifungue, jaribu nyingine. Nyuma ya CPU pale waya unapoingia kuna swichi yenye I na O, na mtu anayefuta vumbi anaweza kuizima bila kujua. Yote haya yanaonekana madogo, ila nimeshapokea mashine kutoka Gongo la Mboto iliyosafiri na kupanda ngazi kwa sababu ya fyuzi ya plagi.

Kwenye pawa saplai za zamani kuna swichi nyingine, nyekundu mara nyingi, imeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo utasikia mlipuko na harufu kali papo hapo. Ikikutokea, usikate tamaa; mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai peke yake. Itazame hiyo swichi kabla ya kuchomeka mashine yoyote mpya kwako.

Ukutani kukiwa sawa, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30, kisha chomeka tena na uwashe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai nyingine hujifunga kujilinda, na hazifunguki hadi chaji iliyobaki ndani imwagike. Kuna mashine zinapona hapohapo.

Bado kimya? Tunaipima pawa saplai. Kwenye ile ya kawaida yenye plagi kubwa ya pini 24, ichomoe plagi kutoka kwenye mazabodi, chomoa na waya nyingine zote, kisha unganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi wowote kwa kipande cha waya. Ukichomeka ukutani, feni yake izunguke. Isipozunguka, mara nyingi imekufa, ingawa zipo chache ambazo feni yake husubiri joto. Hapo mita ya kupimia volti ndiyo inayosema kweli. Waya wa zambarau uwe na volti 5 wakati wote mashine ikiwa imechomekwa, hata kama haijawashwa. Ikiwashwa, njano iwe 12, nyekundu 5, rangi ya chungwa 3.3, na isipungue wala kuzidi kwa zaidi ya asilimia 5. Yaani njano ikisoma kati ya 11.4 na 12.6, sawa. Feni kuzunguka peke yake bado siyo ushahidi, kwa sababu pawa saplai iliyochoka inazungusha feni vizuri na kuanguka ikibebeshwa mzigo.

Angalizo: mashine nyingi za ofisi za Dell na HP, hizi zinazokuja za mtumba, zina plagi zao zenye pini 6 au 8. Usizipime kwa kubahatisha rangi. Tafuta pawa saplai nzima ya aina ileile ujaribie.

Na tafadhali sana, usiifungue pawa saplai yenyewe. Ndani kuna kapasita inayohifadhi karibu volti 325, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Inaua.

Sasa kundi la pili, ambalo ndilo kubwa: taa inawaka, feni zinazunguka, kioo cheusi. Kwanza bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai na inafanya kazi, ila picha haikufikii. Angalia waya wa monita umechomeka wapi. Kama kuna kadi ya picha ya ziada, waya uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye tundu la mazabodi. Monita nayo, kwenye menyu yake, uichagulie tundu ambalo waya umechomekwa.

Caps Lock ikikaa kimya, shuku RAM. Jiji letu liko ukingoni mwa bahari. Hewa ina unyevu na chumvi, na mashine inayokaa karibu na dirisha Kigamboni au Kunduchi inashika ukungu kwenye meno ya RAM mapema kuliko ya Dodoma. Zima, chomoa umeme, gusa chuma cha boksi kuondoa umeme tuli, toa RAM zote. Safisha meno kwa kifutio laini cheupe, pangusa mabaki, piga brashi kavu kwenye nafasi zake. Rudisha moja tu, ikandamize hadi klipu zijifunge zenyewe. Washa. Ikigoma, hamishia nafasi nyingine. Kisha jaribu RAM ya pili peke yake. Ukiwa na subira utajua kama ni kipande kibovu au ni nafasi mbovu, na hakuna senti iliyokutoka.

Jaribio ninalolipenda sana: toa RAM zote kabisa uwashe. Mashine yenye kispika ikipiga mlio wa kulalamika, maana yake mazabodi na prosesa (ubongo wa mashine) viko hai vinatafuta RAM. Aliyekuambia "mazabodi imekufa" hapo umeshapata jibu la kumpa. Kwenye HP nyingi za ofisi za matoleo ya zamani, taa nyekundu inamulika na mlio unafuatana nayo: mara tano ni RAM, mara sita ni picha, mara mbili ni prosesa kupata joto. Matoleo ya baadaye humulika nyekundu mara tatu kisha nyeupe mara mbili kwa tatizo la RAM. Hesabu mara ngapi, andika, ndipo uje kuuliza.

Wenye maswali karibuni. Ukiuliza, taja kinachotokea ukibonyeza, na nini kilitangulia: umeme kukatika, mvua, kuhama nyumba, kubadilisha kifaa.


MDAU WA TABATA

Uzi wa maana sana mkuu. Yangu inawaka vizuri, nembo inatokea, halafu inakuja rangi ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE, inajizima na kuanza upya. Mtaani kwetu tulikaa bila umeme tangu asubuhi hadi usiku, uliporudi ndiyo nikakuta hivi. Nilichoshangaa, saa ya mashine imerudi nyuma miaka mingi. Fundi kaniambia diski imekufa, nitafute mpya.


MLETA UZI

Kaka, usinunue diski. Hilo la saa ndilo limenipa jibu.

Kwenye mazabodi kuna kibetri cha duara, CR2032, cha volti 3. Kinatunza saa na mipangilio ya BIOS (programu ya mazabodi inayoianzisha mashine) mashine inapokuwa haina umeme kabisa. Kikichoka hutajua chochote siku zote umeme ukiwepo, kwa sababu mashine iliyozimwa lakini imechomekwa inajilisha kutoka ukutani. Siku umeme unakatika kwa muda mrefu, kumbukumbu inafutika, na BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Sasa mashine nyingi za ofisi za Dell, mipangilio yake ya kiwandani kwenye SATA Operation (namna mashine inavyowasiliana na diski) ni RAID On. Wanaopiga window kwenye mashine za mtumba mara nyingi huweka namna nyingine, AHCI. Window iliyozoea AHCI ikiamka na kukuta RAID, haiioni diski yake, inatoa huo ujumbe wa bluu. Diski nzima, mafaili mazima, window nzima. Kilichopotea ni chaguo moja tu.

Zima, chomoa umeme, badilisha kibetri, upande wenye alama ya jumlisha uwe juu kama cha zamani kilivyokaa. Washa huku unabonyeza F2 mfululizo. Sahihisha saa na tarehe. Ingia kwenye SATA Operation. Kama iko RAID On weka AHCI, kama iko AHCI weka RAID On. Kubadili hapo hakufuti kitu, mradi usikubali popote kutengeneza mkusanyiko mpya wa RAID. Hifadhi, toka.

Ikikuletea kwamba hakuna diski ya kuanzia, rudi ubadilishe njia ya kuanzia kati ya UEFI na Legacy. Nayo hurudi kiwandani kibetri kikifa.


MDAU WA TABATA

Mkuu kwa sasa niko kazini. Nikifika nyumbani nafanya, nitaleta mrejesho.


MDAU WA SINZA

Mleta uzi, nakubali mengi ila kwenye kifutio nakupinga. Meno ya RAM yamepakwa dhahabu nyembamba sana. Mtu akikwangua kila mwezi anaimaliza, na vumbi la kifutio linabaki kwenye nafasi za mazabodi. Spiriti ya asilimia 90 na kuendelea pamoja na pamba ya masikioni inatosha, na inakauka yenyewe.


MLETA UZI

Spiriti ni bora, hilo halina ubishi, na aliye nayo aanze nayo. Ile nyepesi ya vidonda ina maji mengi, iacheni ikauke kabisa kabla ya kurudisha RAM. Kifutio nakitaja kwa aliye mbali na duka usiku, mara moja, kwa mkono mwepesi, na mabaki yapanguswe nje ya boksi.


DADA WA STESHENARI, MBAGALA

Samahanini kaka zangu, naomba msaada. Mimi nina steshenari karibu na shule, natumia kompyuta moja kuchapa na kutoa kopi. Tangu juzi nikibonyeza, feni zinageuka kidogo kama sekunde moja, zinazima. Nikibonyeza tena ni vilevile. Hakuna mvua iliyoingia, umeme haukukatika. Nimebadilisha soketi na waya, hakuna kitu. Kuna mitihani ya majaribio ya walimu humo, na sina nakala. Naogopa kupeleka kwa fundi wasije wakafuta.


MLETA UZI

Pole dada yangu. Mitihani ipo kwenye diski, na mpaka hapa hakuna dalili yoyote kwamba diski ina shida. Tulia.

Kuwaka sekunde moja na kuzima maana yake mara nyingi ni kwamba pawa saplai inaanza, inaona sehemu umeme unavuja, inakata kujilinda. Kazi yetu ni kutafuta panapovuja. Kabla ya kufungua boksi: chomoa printa, skana, flash, mausi, kibodi, monita, kila kitu. Acha waya wa umeme tu. Washa. Inakaa au inazima?


DADA WA STESHENARI, MBAGALA

Nimechomoa vyote. Inazima vilevile.


MDAU WA SINZA

Dada, hebu angalia matundu ya flash ya mbele. Piga picha kwa simu ukiwasha tochi. Kale kalimi keupe ka plastiki ndani kapo? Vile vibati vinne vimelala sawa au kuna kilichoinuka?


DADA WA STESHENARI, MBAGALA

Yapo mawili. La juu kalimi hakapo, na vibati vimepindana vimegusana na ukuta wa tundu. Wanafunzi wanachomeka flash kwa nguvu, wengine wanaigeuza.


MLETA UZI

Mdau wa Sinza umepiga penyewe. Moja ya vile vibati ina volti 5, na ukuta wa tundu umeungwa na ardhi ya boksi. Vikigusana ni shoti, na mashine haitakubali kuwaka.

Dada, chomoa waya wa umeme ukutani. Fungua ubavu wa boksi, ule wa kushoto ukiitazama kwa mbele. Ni skrubu mbili nyuma. Fuata kebo inayotoka kwenye matundu yale ya mbele hadi inapoishia kwenye mazabodi. Itakuwa plagi ndogo yenye matundu tisa, au pana ya bluu kwa yale ya kasi. Kabla hujaichomoa ipige picha ujue imekaaje. Ivute kwa kushika plagi, usivute waya. Funga, chomeka, washa.

Ikiendelea kuzima, chomoa tena umeme, utoe RAM ubakize moja, na uchomoe waya wa umeme wa diski na wa DVD. Mashine yenye prosesa na RAM moja pekee inatosha kuwaka na kuonyesha nembo. Ukirudisha kifaa kimoja kimoja, kitakachoizima ndicho chenye shoti. Tazama pia kama kuna skrubu iliyodondokea chini ya mazabodi, au mjusi. Boksi zisizo na vifuniko vya nyuma mijusi hupenda kulala humo kwa sababu ya joto.


MDAU WA UBUNGO

Mimi nauliza tofauti. Mazabodi ikiwa imekufa kweli, si ninatoa tu diski naiweka kwenye mashine nyingine?


MLETA UZI

Ndiyo, na ndiyo njia salama ya kuokoa mafaili. Iweke kama diski ya pili, au tumia waya wa kubadilisha SATA kuwa USB, unakili. Usiwashe mashine mpya kwa window ya diski hiyo kabla hujanakili.

Ila kagua kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha mafaili hadi upate ufunguo. Mashine mpya zenye Windows 11 nyingi zinaifunga zenyewe bila kukuuliza. Ukihamisha diski, au ukibadilisha mazabodi, itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia mara ya kwanza. Uutafute leo mashine ikiwa nzima, uuandike kwenye daftari. Bila huo ufunguo, mimi na mafundi wote wa Kariakoo hatuwezi kukusaidia.

Na diski ikianza kugonga kwa sauti ya tiki-tiki, izime mara moja. Kila dakika unayoiacha inazunguka inapunguza uwezekano wa kuokoa kitu.


DADA WA STESHENARI, MBAGALA

Kaka zangu, IMEWAKA! Nimechomoa ile plagi tu, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye window. Mitihani yote ipo. Mungu awabariki sana. Sasa je, niirudishe ile kebo au nibadilishe? Na wateja wachomeke wapi flash zao?


MDAU WA SINZA

Usiirudishe dada. Nunua kebo ya kurefusha USB, ichomeke nyuma ya mashine, uilete juu ya meza. Wateja wakiivunja unatupa kebo, mashine haiguswi.


MDAU WA TABATA

Mrejesho: nimeweka kibetri kipya, nimekuta kweli imekaa RAID On, nimeweka AHCI, imewaka na kila kitu kipo kama nilivyoacha. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya diski mpya.


MLETA UZI

Nimefurahi sana, wote wawili.

Dada wa Mbagala, kabla hujafungua duka kesho nakili folda ya mitihani kwenye flash mbili, moja ibaki nyumbani. Flash moja siyo nakala, inapotea na mfuko. Walimu wakikuletea mpya, nakili jioni ileile.

Kuhusu umeme, kwa kuwa wengi wameniuliza pembeni: stebilaiza inasawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini ukikatika na mashine inazima. UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, siyo za kuendelea kuchapa. Printa ya leza usiichomeke kwenye upande wa betri wa UPS, inavuta umeme mwingi kwa mara moja na kuiangusha. Asiye na uwezo wa kununua hata kimoja kwa sasa, umeme ukikatika achomoe plagi ukutani, na ukirudi asubiri utulie kabla ya kuchomeka.

Mdau wa Ubungo, hujasema yako inafanya nini ukibonyeza. Tuanzie hapo.